Kabla hujaozesha chungwa lako la kwanza

Kila wanapokuja wanafunzi wapya wa mradi huwa naapa kwamba safari hii nitanyamaza, niwaache wajifunze wenyewe. Mwaka huu kiapo hakikuiona hata Ijumaa. Walinijia wawili, simu mkononi, meno yote nje. "Dada, tazama!" Nikatazama. Sahani ya petri, ile ya kukuzia vijidudu, katikati bakteria waliyemtoa kwenye udongo wa Kwale, pembeni ukungu wa kijani umerudi nyuma, duara la wazi limekaa vizuri hata mimi nikalitamani. Washaandika kichwa cha tasnifu. Washapata, kwa maneno yao, dawa ya kuzuia uozo wa machungwa ya soko la Kongowea, hapa Mombasa.

Nikawauliza kama wameshaijaribu kwenye chungwa. Mmoja akatazama feni, mwingine akatazama viatu.

Basi nimeona niandike mara moja, nisome kwa sauti kila Januari, nipumzike. Sitaeleza Penicillium digitatum, huo ukungu wa kijani, ni nani wala pipeti inashikwaje. Kama hilo nalo hulijui, umekosea mlango. Darasa la aga, ile jeli ya kukuzia vijidudu, liko chini, mkono wa kulia.

1. Duara la wazi halijawahi kuokoa chungwa. Tangu mwaka 1984, Pusey na Wilson walipoonyesha kwamba bakteria Bacillus subtilis anazuia uozo wa mapichi, na mwaka huohuo Singh na Deverall wakamjaribu kwenye jamii ya michungwa, watu wamepata maduara ya kujaza makabati. Kwenye aga dondoo yako, yale majimaji uliyoyatoa kwa bakteria, inasambaa yenyewe, chakula umepima wewe, pH (kipimo cha uchachu) umepanga wewe. Kwenye chungwa kuna nta, kuna vifuko vya mafuta vinavyopasuka ukitoboa, na chini yake ile nyama nyeupe inayonyonya tone lako kabla hujageuza shingo. Na ukungu wenyewe haukai bure: unapokula unamwaga asidi ya sitriki, na pale ulipouma panazidi kuwa pachachu. Sasa hizo lipopeptidi zenu, kemikali za bakteria zinazoua ukungu, mmezipataje? Mmeushusha mchuzi mliomkuzia bakteria hadi pH 2, zikaganda, zikashuka chini, mkazikusanya. Kitu kinachoganda kwenye asidi mnakipeleka kupigana penye asidi, na hakuna aliyeshtuka?

Sisemi hazifanyi kazi. Iturini na fenjisini, lipopeptidi za Bacillus, zinatoboa utando wa kuvu kwelikweli, tena zinavumilia joto ambalo lingeua protini nyingi. Ninachosema ni kwamba sahani inakujibu swali ambalo chungwa halikuuliza. Na kuna upande wa pili: zipo dondoo zisizotoa duara lolote, lakini kwenye tunda uozo unapungua, kwa sababu zimeliamsha ganda lenyewe litengeneze kinga zake, skoparoni na nduguze. Mkizitupa kwa kuangalia sahani tu, mmetupa mali.

2. Si kila kilichooza kimeozwa na ukungu wako. Hapa ndipo Mombasa inapotuadhibu kuliko wenzetu wa bara. Digitatum anapenda joto la nyuzi 24 au 25 hivi. Wakati wa kaskazi meza yetu inapita 30 saa tano asubuhi, na kwenye joto hilo wako wengine wanaostawi zaidi yake. Ukiona duara pana jeupe ukingoni na vumbi la kijani katikati, huyo ndiye. Ukingo mwembamba na vumbi la buluu, huyo ni dada yake, Penicillium italicum, anayeweza baridi kuliko yeye na kuambukiza tunda kwa tunda kwa kugusana tu. Ganda likilainika, likatoa maji na harufu ya siki, bila vumbi lolote, huo ni uozo mchachu wa kuvu aitwaye Geotrichum, na huo unapenda mvuke wetu huu. Na ukiona hudhurungi inaanzia kwenye kikonyo inashuka, mwachie: hiyo ilitoka shambani ikiwa imelala chini ya kikonyo, haikuhitaji jeraha ulilotoboa wewe, na tone lako halikuifikia.

Kuna kijana mmoja (anajijua, na sasa ni mkubwa wa watu) alipima hudhurungi ya kikonyo kwa kalipa, kile kipimio cha taya mbili, asubuhi na jioni, mpaka sehemu ya kumi ya milimita. Jedwali safi. Jeraha alilotoboa yeye lilikuwa upande wa pili wa chungwa, zima, limekauka, halijaguswa na kitu. Nilimuuliza, "Ulitoboa wapi?" Akaligeuza chungwa taratibu.

3. Zima feni. Najua. Najua ni Februari, najua koti la maabara limeshika mgongoni. Zima feni unapomwaga sahani, na usifungue sanduku la machungwa yaliyooza kwenye chumba hichohicho. Chungwa moja lililoiva ukungu lina spora, yaani mbegu za ukungu, zaidi ya bilioni moja, na zote zinangoja upepo wako. Mwaka ule sahani zetu zote zilipoota kijani, hata za wenzetu wa maji taka waliokaa upande wa pili, tulilaumu otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, tukalaumu aga, tukamwita hadi fundi wa umeme. Ilikuwa ni mtu aliyefungua mfuko "aone tu yamefikia wapi", feni ikiwa namba tano.

4. "Dondoo haina seli za bakteria" ni jambo la kuthibitisha. Bacillus naye anatengeneza spora, zake za kujihifadhi, na spora zake zinapita kwenye nyuzi 80 kwa dakika kumi huku zinacheka. Kichujio cha mikromita 0.22 kinapasuka ukisukuma sindano kwa hasira, na hakikwambii. Kila ukichuja, tone moja weka kwenye sahani tupu, lala, amka, tazama. Kama kimeota kitu, basi kinachozuia ukungu huenda ni bakteria mzima anayekula na kuzaa ndani ya jeraha, na tasnifu yako inayosema "dondoo" inadanganya tangu ukurasa wa kwanza.

5. Kontroli, yaani makundi ya kulinganishia. Mficha uchi hazai, kwa hiyo kaeni.

Nilikuwa kwenye shahada ya uzamili na nilikuwa na Bacillus niliyempenda. Nilimtoa kwenye udongo chini ya mdimu, uani kwetu Kisauni. Alikuwa akitoa povu kwenye chupa mpaka pamba inalowa, dalili nzuri ya safaktini, lipopeptidi yenye povu kama sabuni, na kwenye sahani alikuwa akisukuma digitatum mpaka ukingoni. Dondoo yake ilikuwa na rangi ya asali na harufu ya maharage yaliyolala. Msimamizi wangu alikuwa ameshaanza kuniita kwa jina la kwanza.

Siku ya jaribio kubwa nilinunua Kongowea gunia la machungwa ya Muheza, Tanzania, asubuhi na mapema, yale ya kijani-kijani ambayo watu wa bara wanadhani ni mabichi. Nikayaosha kwa Jik iliyozimuliwa, nikayasuuza, nikayakausha. Kisha nikafanya vile nilivyofundishwa: anza na kundi la maji, ndio usichafue. Nikatoboa, nikatia spora, nikatia maji. Nikapanga sandukuni. Nikarudi kwenye gunia kuchukua ya kundi la dondoo, na ndipo nilipoona kwamba nusu ya yaliyobaki yana majeraha yake yenyewe, ya kudondoshwa, ya kukanyagwa kwenye lori, ya kuvunwa kwa fimbo. Hayafai. Machungwa hayatoshi.

Ilikuwa masika, mvua inapiga tangu adhuhuri, na daraja la Nyali mnalijua likishaloa. Kurudi Kongowea na kutoka ni jioni nzima. Spora zangu zilikuwa zimeshahesabiwa, ziko kwenye barafu, hazingoji. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka kubwa. Nikavuka kwa mwavuli wa fundi wetu wa maabara, nikanunua machungwa yaliyotoka nchi za nje, yamefungwa kwenye wavu mwekundu. Mazuri hayo! Yote saizi moja, yote rangi moja, yanang'aa mpaka taa inajiona. Nakumbuka nilifikiria, wallahi nilifikiria kabisa kwa maneno haya: haya ni bora zaidi kwa jaribio, hayatofautiani.

Kila moja lilikuwa na kibandiko kidogo. Nilivibandua kwa kucha, kimoja kimoja, na kwa kuwa pipa la taka lilikuwa mbali nikavibandika chini ya ukingo wa meza, safu nzima. Kisha nikatoboa, nikatia spora, nikatia dondoo. Kwenye daftari niliandika: "Machungwa, Kongowea." Sikuandika uongo kwa makusudi. Nilikuwa nimechoka, na mstari wa juu ulikuwa unasema hivyo, mkono ukafuata.

Mnajua yaliyofuata. Kundi la maji lilioza lote, kijani tupu. Kundi la dondoo lilikaa kama siku ya sikukuu. Nilipiga picha za pande zote. Nililia kidogo. Msimamizi alileta haluwa. Nilisimama kwenye semina nikaonyesha sanduku mbili ubavu kwa ubavu, na watu waliopiga makofi walikuwa ni watu wanaoijua kazi hii. Hakuna aliyeuliza kwa nini machungwa ya sanduku la kushoto ni ya kijani na ya kulia ni ya rangi ya chungwa. Na mimi niliyekuwa nimeyashika kwa mikono yangu sikujiuliza pia. Picha ilikuwa inasema ukweli wazi, ukutani, kwa ukubwa wa mlango.

Nikaenda Kongowea. Kuna mama aliyekuwa akiuza machungwa karibu na pale yanapoteremshwa, tulikuwa tumezoeana. Nikamwambia, "Mama, nataka nikuokolee mzigo." Akacheka, akanipa magunia mawili kwa mkopo. Moja nikalichovya, moja nikaliacha. Lile la kuchovya nikalirudisha kwenye gunia lake likiwa bado bichi kwa maji, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuwa mtu maarufu.

Hazikupita siku nyingi akanipigia. "Mwanangu, njoo utoe kitu chako hapa, wateja wananikimbia." Nilisikia harufu kabla sijaliona gunia. Lisilochovywa lilikuwa limeoza kiasi, kama magunia yote ya masika. Lililochovywa lilikuwa linatiririka. Siki tupu. Nilikuwa nimeyalowesha, nikayafungia joto, nikauandalia Geotrichum karamu, na dondoo yangu ndani yake haikusaidia lolote. Nililipa magunia yote mawili. Mama alipokea pesa, akazihesabu, akasema, "Pole mwanangu. Ungenunua tu ukala." 

Na bado sikuelewa. Hapo ndipo pananiuma zaidi kuliko gunia. Kwa muda mrefu baada ya pale nilikuwa nalaumu kila kitu isipokuwa kile chenye kosa. Bakteria amechoka kwa kuhamishwa sahani kwa sahani. Maji ya Kongowea yana chumvi. Mama amenichanganyia machungwa ya zamani. Nilikoroga chupa mpya, nikagandisha, nikachuja, nikakausha, na kila jaribio jipya kwenye machungwa ya Muheza lilitoka vibaya, nami nikaliandika kama "jaribio lililoharibika", kwa sababu nilikuwa na moja lililofaulu na nilikuwa nimeamua kwamba hilo ndilo la kweli.

Aliyenifungua macho ni fundi wetu, mwenye mwavuli. Alikuwa akisugua meza kabla ya likizo. Akapitisha kitambaa chini ya ukingo, kikakwama. Akainama. Akaanza kuvikwangua vibandiko kwa kisu cha aga, akakiweka kimoja kwenye kiganja, akanitazama. "Dada, hivi vya machungwa gani?"

Nilitaka kusema "ya kula". Sikuweza.

Siku ileile nilinunua mengine ya duka lile, nikatoboa, nikatia spora na maji matupu. Hakuna dondoo, hakuna Bacillus. Yalikaa vilevile, yanang'aa, kasoro machache. Machungwa yanayosafiri baharini kwa wiki kadhaa mara nyingi hupakwa nta iliyochanganywa imazalili, au huchovywa thiabendazoli kabla ya nta, zote dawa za kuua ukungu, na dawa ile ilikuwa imefanya kazi yangu yote. Kuvu wangu alitoka sokoni kwetu, kwenye matunda ambayo hayajawahi kupakwa chochote. Alikutana na imazalili akiwa hana kinga nayo. Kule inakotumika mwaka baada ya mwaka, California kwa mfano, aina sugu zilishaonekana tangu miaka ya 1980. Hapa alianguka mara moja, nami nikampigia makofi bakteria wa mdimu wetu. Nilikuwa nimeshindanisha watu wawili, mmoja kwa miguu, mwingine kwa tuktuk, kisha nikasifu viatu.

Nilimwendea msimamizi. Hakupiga kelele. Alifungua faili la semina, akanitolea ile picha ya sanduku mbili, akaitazama muda mrefu, akasema, "Hata mimi nina macho." Tukaandika barua ya kuuondoa muhtasari wetu kwenye mkutano uliokuwa umeshaupokea, na nikaanza sura ya nne upya.

Kwa hiyo, na hili ndilo mlilokuja kulisikia: gunia moja, siku moja, changanya yote mezani, toa mabovu kwanza, kisha gawa kwa kura ndipo uanze kutoboa. Andika yalikotoka, aliyekuuzia kakwambia nini, kama yameoshwa. Na kontroli si moja. Kuna maji. Kuna mchuzi uliopita hatua zote, asidi na methanoli (kiyeyusho cha kutolea dondoo) na kukaushwa, isipokuwa haujawahi kumwona bakteria, kwa sababu methanoli iliyobaki chini ya chupa inaua ukungu bila kuomba ruhusa. Kuna spora peke yake, kuna jeraha peke yake. Na kuna dawa ya kiwandani, ndio ujue umesimama wapi. Mkija kwangu bila hizo sitafungua picha zenu.

6. Ya haraka haraka, maana nimeshasema mno. Toboa kwa kitu kimoja, milimita 2 kwenda chini na 1 kwa upana, si kwa pini ya kila mtu. Spora za wiki moja hadi siku kumi, zihesabu kwa darubini uzifikishe 1,000,000 kwa mililita. Usikadirie kwa rangi ya maji. Tia kitone cha Tween, sabuni ya maabara, la sivyo zitaelea. Machungwa kumi kwa kundi, mara tatu au nne, si matatu kwa sababu ndiyo yaliyobaki. Pima vitu viwili, mangapi yameoza na doa lina upana gani, maana dondoo nyingine inachelewesha tu na hilo nalo ni jambo. Stima ikipotea usiku, andika saa. Na chupa isiyo na jina na tarehe nitaimwaga, hata kama ni ya harusi yako.

7. Jeraha la leo na jeraha la jana. Kwenye maabara mnatia dondoo, mnangoja saa mbili, ndipo mnatia spora. Hongera, mmelinda chungwa ambalo halijaguswa. Chungwa la Muheza limejeruhiwa mtini, limepanda lori, limevuka mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga, limeteremshwa Kongowea kwa kumwagwa, na spora zimeshaingia tangu jana yake. Jaribuni na kinyume: spora kwanza, dondoo baada ya saa 12, baada ya saa 24. Wengi wenu matokeo yatawakatisha tamaa, na ni afadhali yawakatishe tamaa hapa kuliko sokoni. Kwa Bacillus wangu, tangu niache kujidanganya, hali ni hii: jeraha jipya anasaidia, jeraha la jana hafanyi kitu. Basi mazungumzo yakahamia shambani, kwa wanaovuna: mkasi badala ya fimbo, na kuchovya siku ileile, na kukausha, kukausha, kukausha. Soda ya kuoka asilimia 2 au 3, inayojulikana kwenye machungwa tangu miaka ya 1920, ukiitumia pamoja na dondoo mara nyingi inasaidia kuliko kuongeza dondoo. Haina heshima kwenye tasnifu lakini ijaribuni.

Msichanganye pia dondoo na bakteria hai. Mwaka 1995 Marekani iliruhusu bidhaa mbili za viumbe hai kwa matunda yaliyovunwa, moja ya hamira ya Candida oleophila na moja ya Pseudomonas syringae. Ile ya hamira ilikuja kuondoka sokoni. Kiumbe hai anahitaji kula, anahitaji nafasi, anachagua hali ya hewa. Dondoo haizai, lakini pia haifi njiani. Natamisini, dawa ya ukungu inayowekwa kwenye jibini, ilitokana na bakteria Streptomyces wa udongo wa Natal, na iturini ilitokana na udongo wa Ituri, Kongo. Kwa hiyo mtu akiwaambia udongo wa Kwale hauna kitu, msimjibu, chimbeni.

8. Lakini mnachochimba, mjue ni nani. Hili watoto wangu wawili wa simu hawakulifikiria kabisa. Bakteria wao nilimtazama kwenye darubini: fimbo nene, spora katikati, kundi lake kwenye aga limetanda, halina mng'aro. Anaweza kuwa subtilis. Anaweza kuwa Bacillus cereus, yule wa wali uliolala, anayetapisha nyumba nzima. Cereus naye anatoa duara, tena zuri. Kabla hamjamkoroga kwenye chupa moja zaidi, mtieni kwenye aga ya damu, pelekeni jeni lake likasomwe, na hadi jibu lirudi hakuna mtu kulipaka tunda la kuliwa, hata kwa kujaribu, hata lenu wenyewe.

"Lakini dada, ganda si linamenywa?" aliniuliza mmoja. Nikamwambia aende nyumbani akamuulize mama yake achari ya ndimu inatengenezwa na nini. Mji huu unakula maganda: ndimu nzima kwenye chumvi na pilipili, limau lililokatwa vipande likaanikwa juani. Mnachokipaka kitakaa mtungini miezi, kwenye chumvi na asidi, kisha kiliwe na mtoto. Hilo ni jaribio la kupangwa tangu mwanzo: kiasi gani kinabaki kwenye ganda baada ya kuoshwa, baada ya wiki, baada ya achari. Na hata yakitoka mazuri yote, huwezi kumpa muuzaji chupa ukamwambia ni dawa ya ukungu; Kenya dawa za namna hiyo, hata za viumbe, lazima ziandikishwe kwa Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuulia Wadudu, na bodi haitazami picha za simu.

Yule mama wa Kongowea bado yupo, amehamia upande wa maembe. Mkienda kununua machungwa msinitaje mimi, ataongeza bei.